Ruzuku za serikali ya Marekani kwa masomo ya chuo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ruzuku ina tofauti gani na mkopo?

Mkopo unaurudisha, tena na riba. Ruzuku hairudishwi, isipokuwa ukivunja masharti yake, na hayo tutayafikia. Kubwa kuliko zote kwa wanaosomea shahada ya kwanza ni Pell Grant. Ilianzishwa mwaka 1972, na tangu 1980 inaitwa kwa jina la seneta Claiborne Pell wa Rhode Island. Kwa mwaka wa masomo 2025–26 kiwango cha juu ni dola 7,395 na cha chini ni dola 740.

Pell haigombaniwi. Anayetimiza masharti hupewa, hata waombaji wawe wengi kiasi gani. Kwa hiyo mwenye kipato kidogo anapoikosa, mara nyingi hakuna aliyemnyima: fomu yake imekwama mahali, jina halikulingana, au mzazi hakutia saini. Majibu mengi hapa chini yanahusu hapo inapokwama.

Nani anastahili?

Anayehitaji msaada kwa kipimo cha kipato cha familia, mwenye cheti cha sekondari au kinacholingana nacho kama GED, mwenye namba ya Social Security (namba ya utambulisho ya hifadhi ya jamii), aliyekubaliwa kwenye programu ya cheti au digrii katika chuo kinachoshiriki misaada ya serikali kuu, na ambaye hana shahada ya kwanza. Chuo kinachoshiriki kina namba yake ndani ya FAFSA, yaani fomu ya serikali kuu ya kuombea misaada ya masomo. Ukikitafuta kwenye orodha ya fomu na hakipo, usilipe ada yoyote hapo kabla hujajua ni kwa nini.

Masharti mawili ya zamani bado yanawatisha watu bure. Kijana wa kiume ambaye hakujiandikisha Selective Service (orodha ya wanaoweza kuitwa jeshini) hazuiwi tena kupata msaada wa masomo, na wala kosa la dawa za kulevya halimzuii tena mtu. Kujiandikisha kwenyewe bado ni sheria kwa sababu nyingine, ila hakuhusiani na Pell.

Mimi si raia. Naweza kuomba?

Inategemea hati uliyonayo. Wanaokubaliwa ni pamoja na wenye kadi ya ukaazi wa kudumu (kadi ya kijani), wakimbizi, na waliokwisha kupewa hifadhi. Kwenye fomu unachagua kwamba wewe ni mkaazi anayestahili asiye raia, kisha unaandika namba yako ya A, yaani namba ya uhamiaji inayoanza na herufi hiyo. Fomu inataka tarakimu tisa. Kama yako ina nane, tanguliza sifuri. Aliyeingia kama mkimbizi na baadaye akapata kadi ya kijani hubaki na namba ile ile.

Wasiokubaliwa ni walioomba hifadhi na bado wanasubiri jibu, wenye TPS (ulinzi wa muda), wenye DACA (waliofika wakiwa watoto bila hati na kuahirishiwa kufukuzwa), na wenye viza za masomo za F-1 au J-1. Hapa watu wengi huchanganya mambo: kibali cha kazi na namba ya Social Security havikufanyi ustahili. Unaweza kuwa navyo vyote viwili na bado usipate Pell. Baadhi ya majimbo, kama California na Washington, yana fomu zao kwa wanafunzi wasioweza kutumia FAFSA. Ofisi ya misaada ya kifedha ya chuo ndiyo ya kuulizwa kwanza, kwa sababu kanuni za majimbo hubadilika mara kwa mara.

Hali ya uhamiaji ya wazazi haigusi haki ya mwanafunzi. Mtoto aliyezaliwa Marekani na wazazi wasio na hati anastahili kama raia mwingine yeyote. Kipato cha wazazi kitaulizwa, lakini uraia wao si kigezo.

Nina digrii niliyoipata Afrika. Naomba kama mwanafunzi mpya?

Hapana, na swali hili linaumiza wengi. Pell ni kwa asiye na shahada ya kwanza, na shahada ya nje ya Marekani kwa kawaida inahesabiwa, hata kama mwajiri hapa haitambui. Aliyehitimu Dar es Salaam, Nairobi au Kinshasa na sasa anataka kusomea uuguzi katika chuo cha jamii (community college) huwa hapati Pell. Anaweza kupata mikopo ya serikali kuu, na pengine ruzuku ya jimbo au ya chuo chenyewe. Kuificha shahada si njia: ukituma matokeo yako ili upunguziwe masomo, chuo kitaiona, na fedha utadaiwa.

Diploma au cheti cha miaka miwili ni habari nyingine, hakikuzuii. Kama karatasi zako hazisemi wazi ulimaliza ngazi gani, chuo kinaweza kutaka zitafsiriwe na zipimwe na wakala wa kutathmini vyeti vya nje. Anza mapema, maana hatua hiyo hula wiki kadhaa.

Nitapata kiasi gani?

Fomu inatoa namba iitwayo SAI. Inaanzia hasi 1,500, na kadiri inavyokuwa ndogo ndivyo uhitaji wako unavyohesabiwa kuwa mkubwa. Si bili, na si fedha utakazopewa. Ni kipimo tu. Kwa mwombaji wa kawaida, chukua kiwango cha juu cha Pell utoe SAI. Mwenye SAI ya 2,000 ana 7,395 kutoa 2,000, yaani dola 5,395 kwa mwaka, nusu kila muhula.

Kabla ya hesabu hiyo kuna njia ya mkato. Familia yenye kipato kisichozidi asilimia 175 ya mstari wa umaskini hupewa kiwango cha juu moja kwa moja, na kwa mzazi anayelea peke yake ni asilimia 225. Kwa 2025–26, familia ya watu wanne kwenye majimbo 48 ya bara ina maana ya dola 52,500, au dola 67,500 kama mzazi ni mmoja. Familia ambayo sheria ya kodi haikuilazimisha kuwasilisha hesabu, nayo haikuwasilisha, pia huingia kwenye kiwango cha juu.

Kuanzia mwaka wa masomo 2026–27 kuna ukuta kwa upande wa juu: mwanafunzi ambaye SAI yake inafikia mara mbili ya kiwango cha juu cha Pell hapati hata kile cha chini.

Kipato cha mwaka gani kinaangaliwa?

Cha miaka miwili nyuma. Fomu ya 2025–26 inaangalia kodi ya 2023, na ya 2026–27 inaangalia ya 2024. Taarifa zinavutwa moja kwa moja kutoka IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, lakini lazima kila anayehusika atoe idhini ndani ya fomu. Idhini hii si hiari kwa maana ya kweli: asipoitoa hata mmoja, mwanafunzi hapati msaada wowote wa serikali kuu. Hata asiyewasilisha kodi anaitoa, na mzazi aliye nje ya Marekani vilevile.

Nina miaka 22 na najilipia kila kitu. Kwa nini wananiuliza wazazi?

Kwa sababu kujitegemea kwenye fomu hii hakupimwi kwa kodi ya nyumba unayolipa. Unahesabiwa kuwa unajitegemea ukiwa umetimiza miaka 24 kabla ya Januari 1 ya mwaka huo wa masomo (kwa 2025–26, uwe umezaliwa kabla ya Januari 1, 2002), au umeoa au kuolewa, au una mtoto ambaye zaidi ya nusu ya matunzo yake yanatoka kwako, au ulitumikia jeshi la Marekani, au ulikuwa yatima au chini ya ulezi wa mahakama wakati wowote tangu ulipofikisha miaka 13. Zipo njia nyingine chache, kama kuwa kijana asiye na makazi wala mlezi. Kuishi kwako mwenyewe hakumo.

Kwa wakimbizi kuna mlango ambao wengi hawauoni. Sheria inaitaja hali ya ukimbizi au hifadhi iliyokwisha kutolewa miongoni mwa mazingira yanayoweza kumfanya mwanafunzi ahesabiwe peke yake pale ambapo hawezi kuwasiliana na wazazi au kuwafikia ni hatari. Nyingine ni kutelekezwa na wazazi, mzazi au mwanafunzi kuwa gerezani, na usafirishaji haramu wa binadamu. Kwenye fomu jibu ndiyo kwenye swali la mazingira yasiyo ya kawaida, itume bila taarifa za wazazi, kisha upeleke ushahidi chuoni: barua ya shirika lililokupokea, ya mfanyakazi wa ustawi wa jamii, ya mwalimu mshauri, au hati za mahakama. Anayeamua ni chuo. Mzazi kukataa tu kusaidia, au kukataa kujaza fomu, hakuhesabiwi kama mazingira hayo.

Wazazi wametengana. Nani anajaza?

Aliyekugharamia zaidi katika miezi 12 iliyopita, hata kama huishi naye. Akiwa ameoa au ameolewa tena, mwenza wake huingia kwenye hesabu. Wazazi wasiooana lakini wanaoishi nyumba moja huingia wote wawili. Mjomba, shangazi au bibi aliyekulea si mzazi kwa macho ya fomu hii, isipokuwa alikuasili kisheria. Hapo mila zetu na fomu haziendi pamoja, na kumwandika mjomba kama baba huharibu maombi yote.

Tukae na nini mkononi kabla ya kuanza?

Kadi ya Social Security ya mwanafunzi, kadi ya ukaazi au I-94 (hati ya kuingia nchini), nakala ya kodi ya mwaka unaoulizwa, salio la benki la siku hiyo hiyo, na orodha ya vyuo. Fomu inajazwa studentaid.gov, kwa Kiingereza au Kihispania, na haina malipo.

Kila mtu anafungua akaunti yake: mwanafunzi yake, mzazi yake. Kila akaunti inataka barua pepe yake na namba ya simu yake. Familia nyingi hukwama hapa, maana mtoto ndiye aliyewatengenezea wazazi barua pepe, akaitumia ile ile kwa wote. Mzazi asiye na Social Security anaweza kufungua akaunti bila namba hiyo, ila utambulisho wake unaweza kuhitaji kuthibitishwa kwa nyaraka, jambo linaloweza kuchukua siku au wiki. Mfungulie yeye kwanza.

Baada ya mwanafunzi kujaza sehemu yake, anamwalika mzazi. Mzazi anaingia kwa akaunti yake mwenyewe, anatoa idhini, anajaza, anatia saini. Mwanafunzi kutuma upande wake si mwisho wa kazi. Rudi baada ya siku tatu uhakikishe fomu imeshughulikiwa. Kama bado inamsubiri mzazi, chuo hakijapata kitu.

Jina na tarehe ya kuzaliwa: kwa nini fomu inakataa?

Fomu inalinganishwa na rekodi za Social Security, na mfumo hauna huruma. Tuseme kadi imeandikwa Amina Juma Bakari, Amina likiwa jina la kwanza na Bakari la ukoo, lakini shule imekuwa ikimwita Amina Juma. Akiandika Juma kama ukoo, mfumo unasema hapatikani. Andika kama kadi inavyosema, hata kama kadi yenyewe imekosea herufi, halafu ukarekebishe kadi ofisi ya Social Security kisha urudi kwenye fomu. Usifanye kinyume chake.

Tarehe ya Januari 1 waliyopewa wakimbizi wengi waliofika bila cheti cha kuzaliwa ni hadithi hiyo hiyo. Kwa mambo haya, tarehe yako ya kuzaliwa ni ile iliyo kwenye rekodi, si ile mama anayoikumbuka.

Waliopata uraia hivi karibuni wana tatizo la tatu. Kuapishwa hakubadilishi rekodi ya Social Security kwenyewe. Mtu anajibu kwamba ni raia, rekodi inasema mgeni, maombi yanasimama. Nenda Social Security na cheti cha uraia, au kipeleke chuoni kikathibitishwe.

Kiwanja nilichonunua nyumbani Afrika nakiandika?

Nyumba mnayoishi haiulizwi, wala akiba ya uzeeni. Lakini nyumba ya kupangisha na kiwanja, popote vilipo, ni mali, na thamani yake ukitoa deni inahesabiwa. Hata hivyo familia nyingi hazifiki kwenye swali hilo: waliostahili kiwango cha juu cha Pell kwa kipato chao, na waliopokea misaada kama SNAP (ya chakula) au Medicaid (ya matibabu) katika kipindi kinachoulizwa, hurukishwa maswali ya mali. Usiyatafute.

Mwisho wa kuomba ni lini?

Fomu hufunguliwa kila Oktoba 1, na mwisho wa serikali kuu ni Juni 30 mwishoni mwa mwaka wa masomo wenyewe. Tarehe hiyo ya Juni ndiyo inayowadanganya watu. Majimbo na vyuo vina tarehe zao, nyingi kati ya Februari na Aprili, na fedha zao zikiisha zimeisha. Jaza vuli, hata kama hujachagua chuo. Unaweza kuorodhesha hadi vyuo 20. Na unajaza upya kila mwaka.

Chuo kinasema nimechaguliwa kuhakikiwa. Nimekosea wapi?

Pengine hujakosea popote. Baadhi huchaguliwa na mfumo, wengine chuo kinaona taarifa mbili zinagongana, kwa mfano kodi inaonyesha wategemezi wawili na fomu inasema familia ya watu saba. Familia ya saba inaweza kuwa kweli. Utaombwa karatasi yenye majina, umri na uhusiano wa kila mmoja. Barua hizi huenda kwenye barua pepe ya chuo ambayo mwanafunzi mpya hajawahi kuifungua, naye Agosti anapata bili ya ada nzima. Ifungue wiki ile ile uliyopokelewa.

Nafanya kazi, nitasoma masomo machache tu. Nitapata?

Utapata kwa uwiano. Krediti 12 au zaidi kwa muhula ni asilimia 100. Krediti 9 ni 75, krediti 7 ni 58, krediti 6 ni 50. Mwenye kiwango cha juu anayesoma krediti 9 atapata karibu dola 2,773 kwa muhula badala ya 3,697. Masomo yanayohesabiwa ni yale ya programu yako tu. Darasa la kujifurahisha halimo.

Una mihula 12 ya Pell maishani, sawa na miaka sita ya kusoma muda wote. Ukisoma nusu, unatumia nusu. Kiangazi nacho kinaweza kulipiwa kwa nyongeza, mradi umejiandikisha angalau nusu ya mzigo kamili.

Nikiacha katikati ya muhula?

Hapa ndipo ruzuku inapogeuka deni. Fedha unazichuma siku kwa siku hadi upite asilimia 60 ya muhula. Kwenye muhula wa siku 105, hiyo ni siku ya 63. Ukiondoka siku ya 30 umechuma asilimia 28.6 tu. Kwa Pell ya dola 3,697 ni kama dola 1,057, na zinazobaki, karibu dola 2,640, si zako tena. Chuo hurudisha sehemu yake serikalini kisha kinakudai wewe pengo la ada, na usipolipa huwezi kujiandikisha muhula unaofuata.

Kupotea bila kuaga ni kubaya zaidi. Ukipata F kila somo, chuo kitauliza kama kweli ulikuwa ukihudhuria, na kisipopata ushahidi kitakuhesabu umeondoka. Ukipata msiba au ugonjwa, nenda ofisini kabla ya kutoweka. Kuacha somo moja na kubaki na mengine ni tofauti, na wakati mwingine hakukugharimu chochote ukivuka tarehe ambayo chuo hufunga hesabu. Uliza tarehe hiyo ni ipi.

Alama zina uzito?

Ndiyo. Kila chuo kina kiwango cha maendeleo, na vyuo vingi vinataka wastani wa 2.0 na kumaliza kama theluthi mbili ya krediti ulizojaribu. Juu ya hapo, programu isizidi asilimia 150 ya urefu wake: digrii ya krediti 60 haigharamiwi baada ya kujaribu krediti 90. Somo uliloacha huhesabiwa kama ulilojaribu. Ukifungiwa unaweza kukata rufaa kwa maandishi, ukieleza kilichotokea na kilichobadilika. Barua nyingi hueleza la kwanza na kusahau la pili, nazo hukataliwa.

Baba amepoteza kazi mwaka huu, fomu inaonyesha mshahara wa zamani.

Jaza fomu kwa ukweli wa mwaka unaoulizwa, kisha omba chuo kiangalie upya. Peleka barua ya kuachishwa kazi, hati za mwisho za mshahara na za mafao. Ofisi ina mamlaka ya kurekebisha takwimu na SAI ikashuka. Uamuzi wa chuo ni wa mwisho, lakini chuo kingine kinaweza kuamua tofauti.

Zaidi ya Pell kuna nini?

FSEOG, ruzuku nyingine ya serikali kuu ya dola 100 hadi 4,000 kwa mwaka, hutolewa na chuo chenyewe kutoka fungu dogo, kwa wenye uhitaji mkubwa kabisa, na huisha mapema. Majimbo yana yao: Cal Grant California, TAP New York, MAP Illinois. Tena baadhi huhitaji fomu ya pili baada ya FAFSA.

TEACH Grant ni ya kuiangalia mara mbili. Ni kwa wanaosomea ualimu, nao huahidi kufundisha miaka minne, ndani ya miaka minane baada ya kumaliza, somo lenye upungufu wa walimu katika shule ya watoto wa kipato cha chini. Usipotimiza, yote hugeuka mkopo, na riba inahesabiwa tangu siku ulipopewa.

Fedha inafikaje mkononi, na inalipiwa kodi?

Huenda chuoni, chuo kinakata ada, kinachobaki kinakurudia ndani ya siku 14 tangu salio litokee. Kwenye chuo cha jamii chenye ada ndogo kinachobaki kinaweza kutosha vitabu na nauli. Sehemu iliyolipa ada na vitabu vinavyotakiwa haitozwi kodi; iliyolipa kodi ya nyumba au chakula ni kipato, kwa hiyo tunza risiti.

Nimepigiwa simu kwamba nimeshinda ruzuku ya serikali, nilipe ada ya usajili.

Kata simu. Serikali haipigi kugawa ruzuku, na hakuna ada ya kuipokea. Anayekujazia FAFSA kwa malipo anakuuzia kitu cha bure, na akiomba nenosiri la akaunti yako anaomba saini yako. Ukihitaji mtu wa kukaa naye, ofisi ya chuo, mshauri wa shule ya sekondari na mashirika ya kupokea wakimbizi huwa wanaifanya kazi hiyo bila kutoza.